Nilivyoshusha kompresheni ya 4A-GE yangu kwa kukereza pistoni, hapa Mwanza

Ukisema tu gereji kwamba unataka kufunga turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) kwenye injini ya zamani, ushauri wa kwanza utapewa ni "shusha kompresheni", wa pili ni "kata pistoni kichwani, kazi imeisha". Kompresheni ni kiasi pistoni inavyobana hewa na petroli ndani ya silinda kabla ya kuwashwa. Ule ushauri wa kwanza una ukweli wake. Wa pili ndo unaua injini za watu, na mi nimezipokea hizo injini kwenye meza yangu, nimezifungua kwa mkono wangu. Gereji yetu iko Nyakato, na kila mara kuna mtu anakuja kuniuliza ile Corolla pistoni mlizifanyaje, nikimjibu kwa maneno mawili barabarani ataenda kuharibu, kwa hiyo leo naandika yote.

Gari ni Toyota Corolla AE92 ya mwaka 1988, injini 4A-GE ya vali 16. Wanaoijua wanaijua. Kipenyo cha silinda milimita 81, stroki milimita 77, cc 1587, na ile ya kwanza kwanza yenye njia kubwa za hewa kitabu kinasema kompresheni ni 9.4 kwa 1. Ni injini inayopenda kuzunguka, haichoki, ila ukiwa na watu wanne unapanda na mizigo unatamani ingekuwa na nguvu kidogo chini. Nikapata turbo ndogo kutoka gari lililokatwa, nzima, shafti yake haichezi, nikasema hii naifunga. Mafuta na nozeli ni habari nyingine ndefu, hapa naongelea pistoni tu.

Kabla sijagusa ya kwangu nikae kidogo kwenye ile ya jamaa mmoja iliyoletwa ikiwa imekufa. Alishafunga turbo kwingine, fundi aliyemfanyia alichukua jiwe la kusagia akasaga vichwa vya pistoni flati, zote nne, kwa macho. Nilipofungua hedi (kile kifuniko cha juu cha injini chenye vali) pistoni ya tatu ilikuwa na shimo pembeni karibu na ukuta wa silinda, aluminiamu imeyeyuka imeshuka kama nta mpaka ringi ya juu inaonekana, na vipande vingine vimeganda kwenye plagi. Pistoni ya kwanza haijatoboka ila ukiishika kwenye mwanga unaona uso wake una vidoti vidoti, kama umepigwa na sindano. Nikapima kimo, pistoni ya kwanza na ya nne zilitofautiana zaidi ya nusu milimita. Maana'ke kila silinda ilikuwa na kompresheni yake, na taimingi, yaani muda wa plagi kuwasha, ni moja kwa zote. Jamaa ananiambia "fundi, ilikuwa inalia nikikanyaga, nikajua ni tapeti". Haikuwa tapeti, ule mlio wa vali. Ilikuwa inagonga, na ikaendelea kugonga mpaka ikayeyuka.

Sasa huko kugonga ni nini, maana wengi wanalisema neno ila hawaoni kinachotokea mle ndani. Plagi ikiwasha, moto unaanzia pale katikati unasambaa kwenda ukutani, na wakati unasambaa unaisukuma ile hewa na petroli ambayo haijaungua, inabanwa zaidi na inapata joto zaidi. Ikibanwa kupita uwezo wake inalipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Ule mlipuko ndo unaosikia. Unapiga uso wa pistoni na unafuta kile kitabaka chembamba cha hewa tulivu kinachoikinga aluminiamu na joto, na joto likishaingia kwenye chuma mlipuko wa pili unakuja rahisi zaidi kuliko wa kwanza. Ndo maana inatoboka pembeni, kule moto unakofika mwisho. Kompresheni ikiwa chini, ile hewa haibanwi sana, inapata nafuu, na nafuu hiyo ndo unaitumia kuingiza hewa ya turbo. Ni hivyo tu. Hata injini za boti za mafuta ya taa zinatengenezwa na kompresheni ya chini kwa sababu hiyo hiyo, mafuta ya taa yanalipuka yenyewe mapema kuliko petroli.

Ila kushusha kuna gharama. Injini yenye kompresheni ndogo inatoa kazi kidogo kwa petroli ile ile. Ukitoka 9.4 ukaenda 8.5, kwa hesabu ya darasani peke yake unapoteza kama asilimia 3, na unaisikia pale turbo haijaamka bado, unakanyaga gari limelala. Kwa hiyo swali halikuwa nishushe mpaka wapi ninapoweza. Swali lilikuwa nishushe kidogo kiasi gani na bado niwe salama. Hapo nikaangalia Toyota wenyewe walifanya nini. Walikuwa na ndugu yake hii injini, 4A-GZE, ile ya supachaja (inasukuma hewa kama turbo ila inazungushwa na injini yenyewe) iliyotoka 1986, wakaianza na 8.0, alafu baadae matoleo yaliyofuata wakaipandisha ikawa 8.9. Watu waliotengeneza injini wenyewe wameona 8.9 inabeba hewa ya kusukumwa, mi ni nani niende 7.5? Nikalenga 8.8.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Silinda moja ya 4A-GE ni cc 396.8. Kompresheni ni ujazo wote pistoni ikiwa chini kabisa, gawanya kwa ule mdogo unaobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Kwa 9.4 kile kinachobaki juu ni cc 47.2. Kwa 8.8 ni cc 50.9. Tofauti ni cc 3.7 kwa kila silinda. Hiyo tu! Yaani haijai hata kijiko cha chai, watu wanasaga pistoni mpaka inabaki ganda kwa ajili ya kitu kidogo namna hiyo.

Lakini namba ya kitabu ni ya injini iliyotoka kiwandani, na hii yangu ina miaka yake. Hedi za hizi gari zimeskimiwa, yaani uso wake umekwanguliwa kwa mashine unyooke, nyingine mara mbili tatu, kila ikichemka fundi anaipeleka kuskimu na haandiki popote ametoa kiasi gani. Kwa hiyo sikuamini kitabu, nikapima. Na hapa naomba msome taratibu kwa sababu hii ndo sehemu ambayo watu wanairuka.

Hedi unailaza kichwa chini miguu juu, chemba (vile vishimo ambamo moto unawaka) ziangalie juu, vali zimefungwa na plagi imekazwa, unahakikisha imekaa levo. Unachukua kipande cha plastiki ngumu ya kuonyesha, ile inatumika kwenye vibanda vya simu, unakata kifunike chemba yote, unatoboa tundu dogo karibu na ukingo. Unapaka grisi nyembamba kuzunguka chemba, unabandika plastiki, unaibonyeza mpaka grisi inaonekana imekaa kote haina njia. Alafu sirinji ya mils 10 ya duka la dawa, mafuta ya taa uliyoyatia rangi kidogo ili uyaone, unaingiza polepole kwenye lile tundu. Hewa inakimbilia upande mmoja inakaa kama jicho la samaki, unainamisha hedi kidogo sana mpaka lile jicho linasogea kwenye tundu linatoka. Likishatoka unasoma umeingiza ngapi. Unarudia kwa kila chemba, na unarudia tena ile ya kwanza kuona kama unapata namba ile ile, usipoipata maana'ke grisi yako inavuja au vali haikai. Silinda nayo unapima hivyo hivyo, pistoni ikiwa juu kabisa, unapaka grisi ukingo wa juu mafuta yasishuke kwenye ringi. Gasketi unapima unene wake ikiwa imeshabanwa, siyo mpya kutoka kwenye karatasi.

Nilipojumlisha nikapata cc 45.2. Weka kwenye hesabu, inakuja karibu 9.8. Injini ambayo kila mtu angeniambia ni 9.4. Mtu angechukua pistoni akatoa cc zake 3.7 akajua yuko 8.8 salama, kumbe yuko 9.1, anaweka turbo anakwenda.

Hizo cc 2 zilizoliwa na kuskimu sikuzitafuta kwenye pistoni. Nilizirudisha kwenye hedi palepale, kwa kusaga kidogo kidogo zile kingo kali ndani ya chemba, kando ya vali na pale nyuzi za plagi zinapoishia, huku napima kwa sirinji kila baada ya muda mpaka chemba zote nne zikalingana. Ile faida yake ni mbili, ujazo umerudi na kingo kali zimeondoka. Kingo kali ndani ya chemba inapata joto mpaka inakuwa nyekundu, inawasha petroli kabla ya plagi. Hilo ni baya kuliko hata kugonga, maana haliji na mlio wa kukuonya.

Sasa pistoni. Njia zilikuwa kadhaa na kila moja ina watu wake wanaoitetea. Kuna wanaoweka gasketi mbili, au bamba la chuma katikati ya gasketi. Kwa injini hii milimita 1 ya unene inakupa cc 5 na kitu, kwa hiyo ni rahisi sana, unafungua hedi tu. Mi siipendi na nitasema kwa nini. Hedi ya 4A-GE ina sehemu bapa pembeni mwa chemba, pistoni ikifika juu inakaribia pale mpaka nafasi inabaki kama milimita 1. Ile hewa iliyoko pale inaminywa inaruka kwenda katikati kwa kasi, inachanganya petroli vizuri, moto unakimbia, na kile kitabaka kilichobaki pembeni kinakuwa chembamba hivi kwamba kinapozwa na chuma pande zote mbili, hakilipuki. Ukinyanyua hedi kwa milimita 1 umeua hicho kitu. Umeshusha kompresheni ndiyo, ila umeondoa kinga, na unaweza ukakuta injini ya 8.5 inagonga kama ile ya 9.4. Juu ya hapo hedi ikinyanyuka mkanda wa taimingi unaivuta kamshafti kidogo inachelewa. Na gasketi mbili kwa presha ya turbo, jamani, zitakuacha Shinyanga usiku.

Kusaga pistoni flati yote ni kosa lile lile kwa upande wa chini. Unaondoa sehemu bapa na unapunguza ile nyama iliyoko juu ya ringi ya kwanza, ringi inasogelea moto.

Pistoni za GZE ndo jibu la kistaarabu, zina bakuli tayari. Hapa Mwanza sikuzipata, Gerezani kule Dar nikaambiwa mpaka ziagizwe. Ukizipata wewe nunua, ila pima kipenyo cha pini kwanza ulinganishe na konrodi zako, pistoni za injini ndugu siyo lazima pini zilingane, na pima na urefu kutoka pini mpaka kichwani.

Kwa hiyo ikabaki kukereza bakuli katikati ya pistoni zangu mwenyewe na kuacha ukingo bapa kuzunguka bila kuguswa. Hapo swali ni moja, kichwa cha pistoni kina unene gani. Nilipima urefu wote wa pistoni kwa vania, alafu kina cha ndani kutoka chini ya sketi (ukuta wa pistoni chini ya ringi) mpaka dari, nikatoa. Zangu katikati zilikuwa na milimita 7.2. Bakuli la kipenyo cha milimita 60 kwa kina cha 1.3 linatoa cc 3.7 kwenye karatasi, ila mifuko ya vali, vile vishimo vya kupisha vali, tayari ni mitupu, kwa hiyo mashineni ilibidi twende 1.5. Inabaki 5.7. Chini ya 5 mi nisingekubali kwa injini ya turbo yenye pistoni za kumiminwa, hata mtu aniambie nini. Ukipima ukakuta zako ni nyembamba, acha, tafuta pistoni nyingine.

Nikaenda kwa mzee mmoja mkereza, hapo hapo Nyakato, mashine yake ni ya zamani lakini haina mchezo kwenye bearing. Nikamkuta anakereza shafti ya mashine ya kusaga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana, umeniletea nini tena?"

Nikamwonyesha pistoni, nikamwambia nataka bakuli la milimita 60, kina moja na nusu, zote nne ziwe sawa. Akaichukua akaizungusha mkononi, akaipima sketi upande mmoja, akaigeuza akapima upande wa pili.

"Unajua hii siyo duara?"

Nikamwambia najua mzee. Sketi ya pistoni ni yai, imebanwa kidogo upande wa pini, kwa sababu ikipata joto inatanuka zaidi upande ule wenye nyama nyingi, na pia chini na juu hazilingani.

"Basi aliyekwambia tuibane kwenye taya za mashine hajui kazi. Taya zitaikamata vibaya, bakuli litakaa upande. Na ukikaza sana umeiminya, hairudi."

Akakereza kwanza pete ya aluminiamu, ina ngazi inayoingia kwenye ule mzingo wa chini ndani ya sketi, ambao kiwandani waliutengeneza kwa ajili ya kushikia hivyo hivyo. Alafu akapitisha pini yake, akaivuta kwa boliti ndefu kutoka nyuma ya mashine, pistoni ikakaa kwenye pete bila kitu chochote kugusa ukuta wake wa nje. Akaweka geji ya saa kwenye ukingo wa juu akazungusha kwa mkono, sindano ikatikisika kama haitaki. Hapo ndo akawasha. Alikuwa anatoa kidogo kidogo, aluminiamu inatoka nyuzi nyuzi, kila hatua anasimamisha anapima, na kona ya bakuli hakuifanya kali, alitumia kisu chenye pua ya mviringo ili chini pawe na mkunjo laini. Ukiacha kona ya mraba pale ufa unaanzia hapo. Muda wote huo hakuniuliza habari ya hela hata mara moja. Nilipomshukuru akanijibu "wabeja", asante ya Kisukuma, akarudi kwenye shafti yake.

Kingo zote nilizimalizia mwenyewe kwa msasa 400 na baadae 800, pamoja na kingo za mifuko ya vali, kidole kipite bila kukwama.

Namna ya kuhakikisha zote ziko sawa ilikuwa rahisi kuliko sirinji. Aluminiamu uzito wake ni kama gramu 2.7 kwa cc moja, kwa hiyo cc 3.7 ni gramu 10. Mizani za dukani haziwezi kusoma hivyo, lakini hii ni Mwanza, jiji limejaa wanunuzi wa dhahabu. Nikamwomba jamaa mmoja anipimie, zile mizani zao zinasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Nilikuwa nimepima pistoni kabla ya kukereza nikaandika kwa kalamu ya rangi ndani ya sketi, nikarudi baada ya kukereza. Kila moja ilikuwa imepungua karibu gramu 10, iliyozidi zaidi ilizidi sehemu ndogo ya gramu, nikaisawazisha ile nzito kwa kutoa kidogo ndani, kwenye nyama ya kando ya pini, siyo kichwani. Uzito unasaidia mara mbili, unakwambia ujazo uko sawa na unakwambia injini haitatetemeka.

Wakati wa kufunga, ile nafasi ya ukingo bapa niliipima kwa udongo wa kuchezea watoto. Unaweka kipande juu ya pistoni kikiwa na mafuta kidogo, unafunga hedi na gasketi iliyotumika, unakaza, unazungusha krenki kwa mkono, unafungua, unakata ule udongo kwa wembe unapima unene. Nikapata milimita 1 pale pembeni, na juu ya mifuko ya vali pako mbali kabisa. Hapo ndo nikafunga na gasketi mpya.

Sasa kuna jambo la mji wetu ambalo vitabu havitakwambia. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Hewa ya hapa presha yake ni kama asilimia 87 tu ya ile ya Dar. Kwa hiyo ukipima presha ya kompresheni kwa geji na kitabu kinasema 180, hapa injini nzima kabisa itasoma kama 157, na nimeona mafundi wanamwambia mteja ringi zimekwisha, anafungua injini haina shida yoyote. Linganisha silinda na silinda, ndo kipimo cha maana. Na kwa injini isiyo na turbo, hewa hii nyepesi tayari imekupunguzia hatari ya kugonga, kushusha kompresheni hapa Mwanza bila turbo ni kujikata miguu mwenyewe, utaona kilima cha Bugando kirefu.

Kwa turbo mambo yanageuka. Busti yangu, yaani presha ya turbo, ni nusu baa. Geji inasoma nusu baa juu ya hewa ya nje, siyo juu ya sifuri. Hapa hewa ya nje ni 0.88, jumla 1.38. Niliijaribu barabara ya Magu, kutoka Kisesa kwenda mbele kule kunyooka, masikio yako kwenye injini, plagi natoa naangalia kauri yake kama ina vidoti vya aluminiamu, hakuna, safi, rangi ya kahawa. Ikatulia kabisa, nikaitumia, nikavuka nayo Busisi, nikazoea.

Alafu nikashuka nayo Dar. Shinyanga sawa, Singida sawa, Dodoma sawa. Baada ya Morogoro kuteremka kule joto linapanda, unazidi kuukaribia usawa wa bahari, nikakanyaga kulipita lori nikasikia ule mlio, mfupi, trrr, nikaachia mguu hapo hapo. Hakuna kilichobadilika kwenye gari. Busti kwenye geji ni ile ile nusu baa. Ila kule chini hewa ya nje ni 1.01, jumla 1.51, na hewa yenyewe ina joto kuliko ya ziwani. Injini ilikuwa inameza zaidi na mimi naangalia sindano ile ile. Kwenye kituo cha mafuta nikafungua boneti, nikaunganisha zile tundu mbili zinazotakiwa kwenye kile kiboksi cha uchunguzi ili kompyuta isiingilie, kwa hii injini taimingi inatakiwa isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, nikazungusha distribyuta nikairudisha nyuma digrii 3. Mlio ukaisha. Nikarudi Mwanza nikairudisha kwenye 10. Kwa hiyo we uliyeko Dar au Tanga ukisoma hizi namba zangu usizichukue kama zilivyo, 8.8 na nusu baa ni ya huku, kule chini punguza busti au taimingi, na uanze kupima upya. Na ukifanyia Mwanza gari la mtu wa Dar, mpangie kwa hewa ya Dar.

Kingine, gari za zamani zaidi, zile Land Rover na Peugeot za enzi za petroli yenye risasi. Risasi ilikuwa inazuia kugonga na inalinda viti vya vali. Kuanzia Januari 2006 Afrika yote ya kusini mwa Sahara iliachana nayo, baada ya yale makubaliano ya Dakar ya 2001, na ni vizuri, ile ilikuwa sumu kwa watoto. Lakini mzee mwenye Land Rover anakuja anasema tangu risasi iondoke gari inagonga, shusha kompresheni. Nyingi za hizo kompresheni yake iko chini tayari, kuna Land Rover za petroli za cc 2286 zilitoka kiwandani na 7 kwa 1. Hiyo haina cha kushusha, shida iko kwingine.

Ndo nilichomwambia kaka mmoja aliyekuja na Mark II, haina turbo, inagonga ikipanda, anataka pistoni zikerezwe "kama za kwako". Tukavua plagi kwanza, zilikuwa zile za aina ya joto, zisizopoa haraka, siyo namba yake. Rejeta imejaa kutu, anajaza maji ya bomba tu miaka yote, hajawahi kuweka kuulanti. Taimingi iko mbele sana, kuna mtu aliivuta ili gari "ikimbie". Tulipotoa hedi maana gasketi nayo ilikuwa inavuja, juu ya pistoni kulikuwa na kaboni ngumu nyeusi unene wa ukucha, hiyo kaboni inajaza nafasi na inashika joto, yeye alikuwa anaendesha injini yenye kompresheni kubwa kuliko ya kiwandani bila kujua. Tukaikwangua kwa kijiti cha mbao na brashi, siyo bisibisi, tukaosha rejeta, tukaweka plagi za namba yake na gasketi moja ya kawaida, tukaweka taimingi inavyotakiwa. Anapanda Mkolani na familia nzima haigongi, na pistoni zake ziko kama zilivyotoka Japani.